Nani aliwatuma mtuondolee X11?

Wadau, leo sina salamu ndefu. Nina saiba hapa Kondele, Kisumu, kompyuta za mtumba, zote Linux. Nikiwa kaunta nilikuwa naona skrini ya kila mteja kwa x11vnc, programu inayotegemea X11, ule mfumo wa zamani wa Linux wa kuonyesha madirisha kwenye skrini. Mama akikwama kwenye fomu ya eCitizen siinuki, namsaidia nikiwa palepale. Nimeapdeti toleo jipya linalotumia Wayland, mrithi wa X11, na x11vnc imegoma.

Zamani dawa ilijulikana: kabla ya kuweka neno la siri unabonyeza kile kigurudumu, unachagua Xorg (yaani X11), kelele zimeisha. Sasa Xorg haipo kwenye orodha. GNOME (eneokazi la Linux, yaani ile sura ya menyu na madirisha) toleo la 49 la Septemba 2025 ilikuja seshini ya X11 ikiwa imezimwa, na KDE, wenye eneokazi la Plasma, washatangaza kwamba Plasma 6.8 itakuwa Wayland tupu.

Msinihubirie usalama. X11 ni ya 1987, na ndani yake programu yoyote inaweza kunasa unachoandika kwenye dirisha lingine. Kwa saiba hiyo ni hatari kweli, hapo Wayland nawapa heko. Lakini mwizi mmefungia nje pamoja na mwenye nyumba!

Eti nipitie portali: kisanduku kinamtokea mteja, akubali kunionyesha skrini yake. Jamani, si huyo ndiye amekwama ananiita? Mwingine kaniambia GNOME ina RDP yake ya ndani, njia ya kuona na kuendesha kompyuta ukiwa mbali. Ipo, nimeijaribu. Ila mashine zangu hujifungua zenyewe bila neno la siri, kwa hiyo hifadhi ya nywila inabaki imefungwa na RDP haipati nywila yake. Nizunguke kila asubuhi nikifungua moja moja, wiki ya mwisho ya Juni, foleni ya ritani za KRA ikiwa imefika barabarani?

Na skripti yangu ya xdotool (zana ya kuendesha madirisha ya X11), ile ya kufunga Firefox muda wa mteja ukiisha, haioni dirisha hata moja la Wayland. Watu wanakaa bure.

Hii Wayland imeanza 2008. Miaka yote hiyo hamkumfikiria mtu anayesimamia mashine zaidi ya moja?

Nataka kuhamia Xfce, eneokazi lingine ambalo bado liko X11. Aliyeiweka kwenye mashine za RAM ya 4GB aniambie inavyobeba Firefox yenye tabu nyingi. Na wewe unayetaka kuandika "nunua kompyuta mpya", subiri kwanza nikutumie namba ya Lipa na M-Pesa.