Ditekta inalia kona ya shamba, na nimeshapata vipande vya makombora. Nichimbe?

Mpekuzi

Wakuu, heshima mbele. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya silaha za vita.

Nina ditekta, kile kifaa kinacholia kikipita juu ya chuma kilichofukiwa, napenda kutafuta vitu vya kale, hasa sarafu na vifungo vya nguo. Mwenye shamba mmoja kaniruhusu nipite kwake kabla hajapanda, na inajulikana majeshi yalipigana maeneo yale. Sarafu sijaona hata moja. Nimepata vyuma. Ni vizito kuliko vinavyoonekana, kutu imevivaa, upande mmoja umejipinda vizuri na laini, pembeni kumechanika ovyo na bado kunakata ngozi. Kuna kipande cha mkanda wa shaba nyekundu, nje yake kuna mikato iliyolala mshazari, yote ikielekea upande mmoja. Na kuna gololi ya madini ya risasi, kijivu cheupe, ila si duara kamili, ina nyuso bapa ndogondogo.

Linaloninyima usingizi ni kona ya chini ya shamba. Pale ditekta inatoa mlio mpana, na hainyamazi hata nikiinua sahani yake hadi usawa wa magoti. Sijachimba. Mwenye shamba anasema trekta linapita hapo miaka nenda rudi, nichimbe tu tuone. Na wiki ijayo analeta jembe la kupasua udongo wa chini. Mnanishauri nini?

Kisiki

Mkuu, hivyo vipande vimeshalipuka, havina neno. Visugue kutu, vipake mafuta, weka kabatini. Hicho cha konani kinaweza kuwa jembe bovu lililofukiwa zamani, ditekta haichagui chuma.

Mstaafu wa Ghala

Nimefanya kazi ya kutunza na kukagua makombora ya mizinga jeshini mpaka nimestaafu, kwa hiyo niruhusuni nijibu kwa urefu.

Kijana wangu, usichimbe. Hilo kwanza, mengine yafuate.

Kisiki hajakosea sana kuhusu vile vyuma vilivyochanika. Kombora likilipuka, ganda lake la chuma hupasuka vipandevipande. Upande laini ndio wa nje, uliochongwa kiwandani. Zile kingo ni pale chuma kilipochanika. Angalia upande wa ndani. Ukiona chuma na kutu tupu, basi. Ukiona kuna kitu kimegandia, cha njano au kahawia, kiache chini palepale, usikikwangue, unawe mikono. TNT, kilipuzi kinachojazwa ndani ya makombora, haiozi kwa kukaa ardhini. Na makombora mengi ya Vita Kuu ya Kwanza yalijazwa asidi ya pikriki, kilipuzi kingine, ambayo ikikaa na metali kama risasi au shaba hutengeneza chumvi zinazoweza kulipuka kwa kugongwa au kusuguliwa. Ndiyo maana neno "visugue" silikubali.

Sasa huo mkanda wa shaba, maana ndio ulionifanya niandike. Kombora la mzinga huvalishwa mkanda wa shaba karibu na kitako. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayozunguka. Kombora likisukumwa na moto, ile shaba laini inabanwa kwenye mifereji, inachorwa, na kombora linatoka likizunguka ili liende sawa. Mikato yako ya mshazari ndiyo hiyo michoro. Mkanda usio na alama ungeweza kuwa wa shehena iliyotelekezwa au iliyoharibiwa papo hapo. Wako umepita mtutuni. Shamba hilo lilipigwa mizinga, na mahali palipopigwa mizinga hapakosi makombora yaliyogoma, yaani yaliyotua bila kulipuka.

Kombora lililogoma ni baya kuliko lile lililolala ghalani, na sababu ni fyuzi, kile kifaa kinacholilipua. Fyuzi ina vizuizi vyake, ili kombora lisiwalipukie wanaolibeba. Vizuizi hivyo hufunguka kwa mshtuko wa kufyatuliwa na kwa ule mzunguko wa hewani. La ghalani bado limefungwa. Lililogoma shambani huenda lilishafunguka siku lilipopigwa, na kinacholizuia ni kipande kidogo kilichokwama au kutu iliyoshika. Hakuna fundi anayeweza kukwambia kitashika mpaka lini. Nimeshawahi kusimama mbele ya moja, mkanda wake umechorwa vizuri kabisa, fyuzi haisomeki kwa kutu. Tulirudi nyuma wote, na wataalamu wa kutegua wakaamua kulilipulia palepale bila kulisogeza.

Gololi yako ni ya kombora lililotengenezwa lipasuke hewani na kumwaga mamia ya gololi za risasi mbele yake. Zile nyuso bapa zinatokana na kubanana zilivyoshindiliwa ndani. Yenyewe haitalipuka, ila nawa mikono kwa sababu ya sumu ya risasi. Lakini makombora ya namna hiyo yalikuwa na fyuzi ya muda puani, ya shaba ya njano au alumini, yenye pete zilizochongwa namba. Ukiiona utaitamani, ni kazi safi ya mafundi. Usiiokote. Inaweza kuwa bado ina kiwashio.

Na hoja ya trekta. Jembe la kawaida linafika sentimita 20 hadi 30 hivi. Kombora lililogoma huweza kuzama mita nzima au zaidi. Miaka yote hiyo trekta huenda limepita juu tu, na sasa mnaleta jembe la kulifuata huko chini! Flanders, nchini Ubelgiji, wakulima hadi leo wanaibua makombora ya 1914 hadi 1918, na kikosi cha jeshi kilichoko Poelkapelle hupokea zaidi ya tani 100 kwa mwaka. Machi 2014 wafanyakazi wawili wa ujenzi waliuawa mjini Ypres na kombora la vita hiyo, karibu miaka 100 baada ya vita kuanza. Mashamba hayo yamelimwa tangu wakati huo.

Mpekuzi

Mzee wangu, shikamoo, na asante sana. Nimesoma mara mbili. Shida ni mwenye shamba: anaogopa nikitoa taarifa watamfungia shamba zima na msimu utampita. Nimwambieje?

Nyasi Kavu

Mimi ni mkulima, na hofu yake naielewa, msimu hausubiri mtu. Mweleze kwamba kuchelewa kulima ni hasara ya msimu mmoja, ila dereva wa trekta hana msimu wa pili. Kama ana haraka, ndiyo sababu ya kutoa taarifa leo, siyo kesho kutwa.

Na hapo konani wanapita akina nani? Mnaongea kuhusu jembe, mimi nawaza watoto na wachungaji. Na wanunuzi wa vyuma chakavu. Kitu kizito chenye shaba kikionekana juu ya udongo hakilali.

Mstaafu wa Ghala

Marahaba. Nyasi Kavu amesema la maana kuliko yangu yote. Wengi wanaoumia ni waliookota ili wauze au wachezee.

Fanya hivi. Usirudi kwenye ile kona na ditekta, na usigongelee kigingi juu yake. Weka alama hatua kadhaa kabla ya kufika, kitambaa chekundu kwenye fimbo iliyosimama yenyewe, upande wa njia ambako watu hutokea. Chukua alama za ramani (GPS) za mahali hapo kwa simu ukiwa mbali, na usipige simu ukiwa umesimama karibu. Mwenye shamba awaambie majirani kwa mdomo wake mwenyewe, watamsikia kuliko wewe. Kisha polisi, wao ndio watakaoita wataalamu.

Na kwa kuwa unatembea mashamba mengi, jambo jingine. Ukiona bonge la rangi ya asali, liwe shambani au ufukweni, usilitie mfukoni. Katika pwani za Baltiki watu wameokota fosforasi ya mabomu wakidhani ni kaharabu, ule utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe la pambo. Ikiwa na unyevu inatulia. Ikikauka mfukoni na kupata joto la mwili inawaka yenyewe. Ukikuta mifupa ya binadamu, simama, usiendelee kuchimba, toa taarifa. Huyo ni mtoto wa mtu, na pengine bado kuna ndugu wanaomtafuta. Eneo likiwa na historia ya mabomu ya kutegwa ardhini, hata kutembea usitembee.

Mpekuzi

Ameelewa. Kilichomgeuza ni dereva wa trekta: nilimwonesha picha ya mkanda, nikamweleza mikato ile, akasema yeye hapandi jembe hilo mpaka pakaguliwe. Kitambaa kipo, jirani wa chini ameambiwa na wanawe wameambiwa. Asubuhi mimi na mwenye shamba tunakwenda kituoni. Vile vipande nivibebe nikawaoneshe?

Mstaafu wa Ghala

Hapana. Peleka picha, pamoja na kipimo cha mkanda, upana na unene. Vipande viache vilipo, wakivitaka watavifuata wenyewe.