Uyoga mamama: ukungu wa kijani na mashina marefu

Tifutifu
Wakuu, salaam. Naotesha uyoga mamama (oyster) kwenye mabua ya ngano, mifuko ya plastiki ya kilo 5. Mifuko kadhaa inashika ukungu wa kijani kabla utando mweupe wa uyoga wenyewe haujaenea. Ile inayofaulu inatoa uyoga wenye shina refu jembamba na kofia ndogo kama kifungo. Mabua nachemsha, halafu natia pumba ili kuongeza rutuba. Chumba nimekiziba vizuri kutunza unyevu. Shida iko wapi?

Mabua Mali
Ukungu unatokana na pumba, mkuu. Kuweka mabua kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 80 kwa saa moja au mbili hakuui vijimbegu (chembe za uzazi) vyote vya ukungu. Kunawapunguza tu wapinzani ili mamama awahi kutawala. Mabua matupu yana nitrojeni kidogo, kwa hiyo mamama huyamudu na ukungu hukosa cha kula. Ukishatia pumba umewalisha wote wawili, na ukungu una mbio zaidi. Pumba inataka mvuke wa shinikizo, nyuzi 121. Kama huna chombo hicho, iache kabisa.

Cha pili angalia maji. Kata mabua vipande vya sentimita 3 hadi 5, yakishaiva yachuje, kisha finya konzi moja kwa nguvu. Yatoke matone mawili matatu. Yakitiririka, bado. Maji yakituama chini ya mfuko, hewa haipiti, mabua yanachacha na harufu yake utaijua tu.

Subiri yapoe chini ya nyuzi 30, maana joto huua mbegu za uyoga, yaani nafaka zilizooteshwa utando wake. Mfuko wa kilo 5 weka gramu 250 za mbegu, tabaka kwa tabaka, nyingi zikae pembeni. Shindilia: uwazi uliobaki ndani ndiko ukungu huanzia.

Dirisha Wazi
Naongezea kuhusu mashina, kwa sababu hapo wengi wanapotea. Uyoga huvuta oksijeni na kutoa hewa ukaa. Wakati utando unaenea gizani, hewa ukaa haina madhara. Vichwa vya uyoga vikianza kuchomoza mambo yanageuka: hewa ikiwa nzito, shina hurefuka kutafuta hewa safi na kofia hudumaa. Mwanga hafifu mno nao huleta hali hiyo hiyo. Uwe wa kutosha kusoma gazeti, bila jua la moja kwa moja.

Kwa hiyo fungua madirisha, weka wavu wa kuzuia nzi, na unyevu utafute kwingine. Mwagia maji sakafu na kuta mara tatu au nne kwa siku, ukilenga unyevu wa asilimia 80 hadi 90. Usivilenge vichwa vidogo: maji yakituama juu yake vinageuka njano na kuoza. Vikikauka na kusinyaa, hapo ndipo useme unyevu umepungua.

Chokaa Safi
Kama kuni za kuchemshia ni shida, badala yake loweka mabua kwenye maji ya chokaa iliyozimwa, gramu 2 hadi 3 kwa lita, saa 12 hadi 18. Chokaa ya kilimo haifai, haipandishi pH (kipimo cha asidi na ualkali) kufikia 12, kiwango cha kudhibiti ukungu. Gandamiza mabua yazame yote, yachuje bila kuyasuuza. Vaa glovu na miwani, chokaa hii inaunguza ngozi na macho.

Tifutifu
Nashukuru sana wakuu. Mfuko wenye kijani kona moja tu niukate hiyo sehemu?

Mabua Mali
Usiufungue humo chumbani hata kidogo! Ule unga wa kijani ni vijimbegu, ukiutikisa umeipandia mifuko yote. Utoe nje taratibu. Kama sehemu kubwa ni nyeupe, uweke kivulini mbali na mingine, unaweza kuzaa. Kijani kikizidi, fukia kwenye mboji.

Na uchume kabla kingo za kofia hazijapinda kwenda juu. Zungusha kichala kizima king'oke na kitako chake. Kisiki kikibaki kinaoza na kuita nzi. Vaa barakoa, maana vijimbegu vya mamama vikijaa chumbani vinaumiza mapafu. Ukichuma vizuri, mfuko mmoja hutoa mikupuo (awamu za mavuno) miwili hadi mitatu, wa kwanza ukiwa mkubwa kuliko yote.