Fizi za mzee: leza na vichipu vya dawa vina maana?

Mdau_Tanga: Wakuu heshima kwenu. Mzee wangu fizi zimeachia meno, mifuko (ule uwazi kati ya jino na fizi) mingine imefika milimita 7, dokta kasema asafishwe kwa kina mpaka kwenye mizizi kwa ganzi, hapo sina shida, ila anataka tuongeze na leza au vile vichipu vya dawa vinavyopachikwa ndani ya fizi na bei inapaa. Vinasaidia kweli au tunakamuliwa tu?

mswaki_mgumu: Kazi kubwa inafanywa na kule kukwangua ugaga. Mwongozo wa chama cha madaktari wa meno Marekani wa 2015 ulikuta kusafisha peke yake fizi inashika tena kama nusu milimita kwa wastani, nyongeza zinaongeza kidogo tu juu yake. Vichipu vya klorheksidini (dawa ya kuua bakteria) angalau vina ushahidi, leza wataalamu wa Ulaya 2020 walishauri isiongezwe. Mi ningesafisha kwanza, nipime tena mifuko baada ya miezi mitatu hivi, iliyogoma ndo iwekewe dawa.

binti_chumba: na antibayotiki je? nasikia wengine wanapewa amoksilini na Flagyl pamoja

mswaki_mgumu: Siyo kila mtu dada, ni zaidi kwa vijana ambao ugonjwa unakula mfupa kwa kasi. Usijinunulie tu duka la dawa, na Flagyl na pombe haviendi.

Babu K: Mzee ana sukari? Anavuta? Hayo msipoyashika leza itafanya nini

Mdau_Tanga: Sukari anayo, na sigara hajaacha 😅