repe cmpsb inasema "kata" na "kato" ni sawa, nisaidieni

Chongeo
Wakuu, nimekwama. Asemblia (lugha ya amri za prosesa) ya x86, biti 32. Rejista, yaani vihifadhi vidogo vya prosesa: ESI ina anwani ya neno la kwanza, EDI la pili, ECX ina 4 (idadi ya baiti), kisha repe cmpsb, amri ya kulinganisha baiti moja moja hadi zitofautiane au ECX iishe. "Kata" na "pata" inayatofautisha vizuri. "Kata" na "kato" inaniambia sawa! Prosesa mbovu?

RejistaKongwe
Prosesa haina kosa. Umeweka cld, ile ya kuweka bendera (biti ya hali) ya mwelekeo iwe 0? Bendera ya mwelekeo ikiwa 1, ESI na EDI zinarudi nyuma, unalinganisha takataka zilizotangulia neno.

Chongeo
cld ipo.

BaitiMoja
Achana na cmpsb. Kwenye prosesa nyingi rep movsb (kunakili) na rep stosb (kujaza) ndizo zilizoharakishwa, hiyo inajikokota. Andika kitanzi cha baiti 4 kwa mpigo.

Mchokozi
Kwani "kato" ni neno? Mashine imekusahihishia tahajia.

RejistaKongwe
Mleta mada, baada ya repe cmpsb umeandika nini?

Chongeo
jecxz sawa, yaani ECX ikiwa 0 ruka hadi lebo "sawa". ECX ikiisha, herufi zote zimepita. Ni fupi, na nimeshaitumia kila mahali, sipendi kubadili.

RejistaKongwe
Ndo hapo. ECX hupungua kila raundi, baiti zilingane zisilingane. Tofauti ikiwa kwenye baiti ya 4, ECX inafika 0 vilevile. Amua kwa ZF, bendera inayokuwa 1 baiti zikilingana. Andika amri je: "je sawa", ruka zikilingana. Ukitaka kupanga kialfabeti tumia jb (ruka ikiwa ndogo) na ja (ruka ikiwa kubwa). Ukiweka jl na jg, za namba zenye alama, baiti zinazozidi 127 zitahesabiwa hasi. Na cmpsb hutoa [EDI] kwenye [ESI], kwa hiyo jb maana yake neno la ESI ndilo dogo.

Chongeo
Lakini ESI ilianza 1000h ikasimama 1003h, palepale penye tofauti. Si iliiona?

Mchokozi
Chai hii! cmpsb husogeza ESI hata baiti zisipolingana, ingesimama 1004h. Hujaendesha kitu, umetuletea swali la mtihani.

Chongeo
1004h, nilitoa 1 kichwani. Na neno tupu je, urefu 0? Hapo jecxz yangu iko sahihi.

RejistaKongwe
Hapo tu. ECX ikianza na 0 hakuna kinacholinganishwa, bendera zinabaki za amri iliyotangulia, na amri ya je itakudanganya. Tanguliza test ecx, ecx: ECX ikiwa 0, ZF inakuwa 1. Isipokuwa 0 haidhuru, maana repe haiangalii ZF kabla ya raundi ya kwanza.

Chongeo
Basi nabadili. Ziko sehemu 11.

Mchokozi
Mwalimu anakusanya lini?