Gari ya milango miwili, kali ama si kali?

*Binamu:* Assalam alaikum nyote. Nshaiona ile Audi TT nyeusi, iko Mombasa, milango miwili, imelala chini kabisaa. Na hazitengenezwi tena, zilikoma 2023. Nambieni ukweli, kali ama si kali?

*Shangazi:* Waalaikum salam. Mamako ataingilia wapi mwanangu? Na magoti yake wayajua

*Binamu:* Kuna viti nyuma Shangazi

*Shangazi:* Hivyo ni vya kuweka kapu la samaki

*Ami:* Sikiza. Mimi gari siipimi kwa kung'aa. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally 1971, halafu 1973 tena ikiendeshwa na Shekhar Mehta, na ile boneti ndefu si ya urembo, chini yake mna injini ya silinda sita. Kisha Toyota Celica ikachukua 1984, 85 na 86 mfululizo, matope na mawe vile vile, Pasaka nzima sisi tuko redioni na marehemu babako hali chakula mpaka yatajwe matokeo. Gari nzuri ni ile umbo lake lina sababu

*Dada:* Lakini Ami TT yapendeza wallahi, hebu itazame ubavuni, lile paa ni mviringo mmoja tu mpaka nyuma. Imeharibiwa na spoila, kile kibawa cha nyuma, ingebaki laini vile ilivyozaliwa

*Ami:* Spoila hiyo usiidharau mwanangu. Zilipotoka 1998 hazikuwa nayo. Zikifika kasi kubwa kule Ujerumani nyuma yawa nyepesi, dereva akikata kona kwa ghafla yamponyoka, na watu walikufa. Ndipo Audi wakaziita zirudi, wakazitia spoila na mtambo wa kuzuia kuteleza. Kwangu mimi yenye spoila ndiyo nzuri

*Dada:* Hilo silijui. Basi iwe na spoila

*Kaka:* Mie kinachonikera ni ekzosi za kutoboa ili zipige kelele. Saa nane usiku imepita hapa nje mtoto akaamka analia, na yule dereva wala hakuwa na haraka, mbele kuna tuta. Ukiifanyia hivyo hiyo TT usinipitie nyumbani

*Binamu:* Naiacha vile ilivyo, naapa

*Kaka:* Na uangalie kutu. Gari ikikaa huku pwani chumvi yaila kutoka chini, juu rangi yameremeta. Nliwahi kumkagulia jirani gari moja, nikapitisha kidole chini ya mlango, kidole kikazama ndani ka mkate uliolowa chai. Na ashalipa arbuni

*Binamu:* Ya Rabbi. Mie sijalipa kitu

*Ami:* Usilipe. Jumamosi nipitie baada ya alfajiri twende sote, uje na tochi na mkeka, nitalala chini niitazame mwenyewe

*Shangazi:* Na mimi nipitieni. Nitaketi hapo nyuma, nikitoka bila kuvutwa mkono, nunua