Mrejesho: miti ya kivuli katika maegesho ya Kisumu

Ndugu zangu, mwaka jana niliwauliza ni miti gani ingestahimili maegesho ya jengo la maduka ninalolisimamia hapa Kisumu, penye udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kutuamisha maji mvua za masika zinaponyesha. Nilifuata ushauri wa wengi: mwarobaini upande wa juu, na terminalia ya Madagaska, ile yenye matawi yanayotandaa kwa ngazi, katikati ya safu za magari. Mkuyu niliuacha, kwa kuwa mizizi yake ingeinua matofali ya sakafu, na mwembe vilevile, maana hakuna mteja atakayefurahia embe juu ya kioo cha gari lake.

Miarobaini 2 ilikufa mahali maji yalipotuama, kosa langu mwenyewe. Iliyopandwa kwenye matuta imeshika vizuri. Hasara nyingine ililetwa na magari: dereva mmoja alirudi nyuma akachubua gome la terminalia changa hadi sehemu nyeupe ya ndani ikaonekana. Sasa kila mche umezungushiwa nguzo fupi za chuma, nazo zingepaswa kutangulia miche.