Hisa za Kampala hupimwaje kwa sharia ya Kiislamu?

Muulizaji, Mbale:
Assalamu alaykum, ndugu zangu. Ninataka kununua hisa katika Soko la Hisa la Uganda. Je, inatosha kwamba kampuni haiuzi pombe?

Hajj, Kampala:
Wa alaykumu salaam. Haitoshi. Kwanza hutazamwa shughuli yenyewe, na hapo benki za kawaida kama Stanbic hutoka mara moja kwa sababu ya riba. Kisha huja hesabu: kwa kiwango cha AAOIFI, taasisi yenye makao Bahrain inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, mikopo ya riba isizidi asilimia 30 ya thamani ya hisa zote za kampuni hiyo sokoni, amana za riba vivyo hivyo, na mapato ya haramu yasizidi asilimia 5 ya mapato yote.

Muulizaji, Mbale:
Na kampuni za simu, kama MTN?

Hajati, Jinja:
Kuuza muda wa maongezi ni halali. Deni ndilo la kuchunguza katika taarifa ya mwaka. Hata ikipita, fungu la haramu katika mapato hutolewa kwa maskini, wala halihesabiwi kuwa zaka.

Hajj, Kampala:
Niongeze kwamba wapimaji wengine hulinganisha deni na mali zote za kampuni, njia ninayoiona tulivu zaidi, kwa kuwa bei ya hisa ikiporomoka, kwa kipimo cha thamani ya soko kampuni huweza kuvuka asilimia 30 bila kukopa hata shilingi moja.